Waliolala Usiku Ule

Swali la kwanza ni jepesi, walituambia kwenye semina:
nani alilala katika kaya hii
usiku wa kuamkia leo?
Siyo nani anaishi hapa. Siyo hapa ni kwao nani.
Nani alilala.

Nikaanza kwa mama Ndeanasia, juu kabisa,
kihamba cha mwisho kabla ya msitu.
Akakunja vidole: Aikaruwa, Elinami, Manka,
na Godlisten aliye Tunduma na lori lake.
Mama, hao walilala hapa?
Akanishika mkono hadi vyumbani.
Vitanda vinne, shuka zimechomekwa, mito imekung'utwa.
"Mwezi wa kumi na mbili hapa hapatoshi,
watu wanalala hadi stoo ya kahawa.
Si ungekuja Krismasi?"
Nikaandika: mmoja.
Akachungulia kishikwambi.
"Mmoja! Sasa serikali itachonga barabara ya mtu mmoja?"

Sehemu ya usafiri ni fupi.
Aliyeitunga hajawahi kushuka na mkungu kichwani mvua ikimpiga.
Umbali hadi lami: kilomita sita,
kushuka. Kupanda hatupimi kwa kilomita,
tunapima kwa kupumzika:
mara tatu ukiwa mikono mitupu,
mara saba ukiwa na gunia la pumba.
Kituo cha basi: hakuna.
Stesheni ya reli: ipo, Moshi mjini,
na treni ipo siku inapokuwepo.
Gari la abiria: hakuna, ila pikapu ya Kimaryo,
Jumanne na Ijumaa, ndizi zikienda Mbuyuni;
ndizi chini, watu juu ya ndizi,
na nauli yako ni kubwa kuliko ya mkungu
kwa sababu mkungu haulalamiki.
Pikipiki: tatu. Moja imesimama tangu Pasaka.

Kufikia jioni nilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili.
Wanaume themanini na mmoja,
wengi wao ama hawajaota ndevu
ama ndevu zimeshakuwa nyeupe.

Nikamkuta Anaeli anaosha pikipiki.
Ulilala wapi jana?
"Sikulala."
Kishikwambi hakina kisanduku cha jibu hilo.
Alikuwa amempakia Haikaeli, uchungu umemshika,
wakafika daraja la magogo, na mtoto hakutaka kuvuka.
Akazaliwa hapohapo, juu ya koti la mvua.

Saa ngapi?
Maana sheria inasema: kabla ya saa sita usiku, anahesabiwa.
Baada ya saa sita, atasubiri miaka kumi.
Simu ya Anaeli ilizima, ndiyo iliyokuwa taa.
"Nilisikia jogoo."
Jogoo wa nani?
"Wa Mangowi."
Tukatazamana. Jogoo wa Mangowi huwika saa tatu,
huwika saa tano, huwika hata Kimaryo akipiga honi.

Nikaenda kwa Haikaeli mwenyewe.
Alikuwa amekaa kwenye kigoda, supu ya mtori mkononi,
mtoto amefungwa kanga tatu.
"Mwalimu, wewe ungekuwa mimi, ungetazama saa?"
Nikamwambia nahitaji namba tu.
Akafikiri. Akanywa.
"Andika alikuwa amechoka. Andika alilala."

Mia mbili na kumi na tatu.
Sijui kama nilidanganya. Kidole kilibonyeza,
na jogoo hakuitwa kutoa ushahidi.

Mtandao kwetu unashika darajani tu.
Nikaketi kwenye gogo, koti la Anaeli bado limeanikwa pale,
nikatuma taarifa za watu wangu.
Kaya moja moja zikapanda hewani,
zikavuka mto, zikaruka lami na Moshi yote,
bila nauli, bila kukalia ndizi.

Ya Haikaeli ilikwenda mara moja.
Ya mama Ndeanasia ikagoma.
Mtu mmoja, vitanda vinne.
Nilikaa hadi giza likaingia, nikijaribu tena.