Vidonge Juu ya Mkeka

Siku ya tisa barabara ya mlimani imefungwa.
Malori yamelala kwenye kona kama ng'ombe wagonjwa,
na dirisha la dawa, hospitalini Imphal,
limebandikwa karatasi: Njooni Jumatatu.
Jumatatu ipi, hawakuandika.

Tumekutana kwa Landhoni, kati ya vitanda vya kufumia,
wanawake kumi na mmoja.
Mwaka juzi tulikuwa wanne.
Kila mmoja kaja na kichupa
kakifunga kwenye pindo la faneki yake
kama mtu afichaye senti za upatu.

Tukamwaga vyote mkekani.
Memcha ana ishirini na sita.
Bembem ana vitatu, na mimba ya miezi saba.
Hakuna aliyetoa hotuba.
Landhoni alihesabu kwa kidole, kwa sauti ya chini,
kama ahesabuye nyuzi za mtande:
wewe vinane, wewe vinane, Bembem kumi na vitano.
“Haya, nani ananuna?”
Alinuna mmoja.
Nilikuwa mimi.

Niliolewa na mwanamume mmoja tu,
Tomba, fundi wa redio, mpole, vidole virefu.
Sindano alijichoma yeye.
Mimi nilichowahi kuchoma ni samaki.
Lakini matanga yalipokwisha macho yalinigeukia,
kana kwamba maradhi ni maji
yaliyopanda mlima kutoka kwangu kumfuata yeye.
Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Mimi sikuficha. Nilifichwa:
chumba cha nyuma, sahani ya peke yangu,
na kikombe ambacho mama mkwe alikifunga
uzi mwekundu mkononi.
Hakusema neno.
Uzi ulisema.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata mimi silielewi.

Juzi, kabla ya jogoo,
bibi huyo huyo, goti bovu, miaka sabini na ushei,
alijitwika kapu la ngari, samaki wa kuvundikwa,
akavuka vizuizi vitatu kwa miguu
hadi zahanati ya mji wa pili.
Kadi yangu kaificha kifuani.
Wakati wa kurudi askari wakainua kifuniko,
wakaziba pua:
“Pita, mama, pita upesi!”

Usiku akaweka vichupa viwili mezani.
“Meza kabla hujalala,” aliuambia ukuta.

Asubuhi chai ililetwa.
Uzi ungali pale, umechujuka kidogo,
fundo lile lile.
Nilikunywa. Ilikuwa na sukari,
na sukari wiki hii haipatikani.

Kichupa kimoja nilimpelekea Bembem.
Alikifungua, harufu ya ngari ikamrukia,
akakimbilia uani, akatapika,
akarudi anacheka, anafuta kidevu,
akameza,
akanyoosha tena kiganja
aone vimebaki vingapi.