Moshi wa Jumapili

Zélie, nilianza na cha kioo.
Dukani kwa Gaudet wanakisifu: utauona ukoko
ukigeuka rangi, huhitaji kubahatisha.
Nikapiga magoti mbele ya oveni kama mtu anayeungama
na kweli nikaona: juu dhahabu, ubavuni dhahabu,
chini uji.

Cha bati kilikuwa chepesi kama ahadi ya kampeni.
Kingo ziliungua, katikati bado mbichi.

Cha kauri alinipa Mathilde wetu,
kimechorwa kuku wa buluu, kizito, kina adabu zake.
Kilichelewa kupata moto, kikachelewa kupoa,
na pai ikakaa ndani yake ikitoka jasho
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Si mapishi. Mapishi ninayo, kwa mwandiko wako,
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
nyama ya nguruwe, viazi viwili, kitunguu,
karafuu "kiasi".
Chombo hukukiandika.
Nani huandika chombo?

Nikapima kwa shubiri ile alama mezani,
duara jeusi uliloliacha mwaka aliozaliwa Mathilde,
ulipotua kitu cha moto ukakimbilia kilio chake.
Shubiri moja na vidole viwili.
Nikakata gazeti kwa kipimo hicho, nikalikunja mfukoni,
nikazunguka nalo siku ya mitumba chini ya kanisa,
nikililaza juu ya kila sahani.
Ursule alinitazama mpaka akachoka.
"Onésime, unatafuta chombo au unatafuta mtu?"
Nikamwambia natafuta chombo.

Februari. Theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Naingia kutoka kupasua kuni, natupa glavu mbichi
pale mlangoni, juu ya kile kifuniko
Ursule alichokirudisha wiki ya mazishi.
"Hiki chenu," alisema. Nikajibu, haya, weka hapo,
na hapo kimelala chali miezi kumi na mmoja
kikinywa maji ya glavu zangu.

Ila hakinywi. Leo ndiyo nimeona:
sakafu imelowa chini yake.

Nikakiinua kwenye mwanga.
Kifuniko cha sufuria ya mama yako, ile nyeusi ya enameli
inayotunza misumari ghalani,
kichwa wazi tangu tulipooana.
Kirungu cha kushikia hakipo. Pana tundu,
dogo, kidole changu cha mwisho hakipiti.
Na ukingoni, chini ya kutu,
ukoko mweusi wa unga.

Husema kila chungu na kifuniko chake.
Wewe ulikipokonya chungu chako,
ukakipindua kifuniko, ukaokea.

Kumbe mafuta yalikuwa na njia ya kutokea.
Miaka arobaini na mitatu nimekula pai kavu chini,
nikasifu mikono yako, na hukunisahihisha.
Na kila Jumapili, ilipokaribia kuiva,
matone yaliangukia sakafu ya oveni, moshi ukatanda,
nami nikapaza sauti kutoka sebuleni:
"Lini utajifunza kuisafisha hiyo oveni?"
"Njoo ule," ukasema. Basi.
Nikaja, nikala.

Nimekisugua kwa chumvi. Nimekipaka siagi.
Unga wangu bado una kiburi, umechanika mara mbili,
nimeuziba kwa kidole kilicholowa maji.
Duara la gazeti nimelitia motoni,
lilikosea upana wa kidole kizima.

Nusu saa. Naketi kwenye kigoda, sipigi magoti.
Tone la kwanza limeanguka, *chwaa*,
halafu la pili.
Mathilde yuko kwenye simu, anauliza mbona nakohoa,
anauliza kama nalia,
ananiambia, Baba, fungua dirisha.

Sifungui.