Wa Nane

Karatasi ya bandari ina majina saba.
Naijua, niliiandika mwenyewe
kalamu ikigoma, meza imejaa vumbi la saruji:
Nahodha Chitanda. Fundi mitambo Namkulya.
Nangoma na nduguye. Yule mpishi wa Msijute
aliyetia pilipili hata kwenye chai.

Mifuko elfu mbili, kwenda Moroni.
Moroni hawakuiona.

Arobaini ilisomwa Shangani.
Masinia yanarudi jikoni, Binti Likanga akauanza
ule wimbo wa makuli, wa kupakia,
usio wa msiba hata kidogo,
kila baharia na tusi lake:
Chitanda na kitambi kinachotangulia gatini,
Namkulya anayekoroma kuishinda injini.
Tulicheka. Mungu atusamehe,
tulicheka na kamasi zinatutoka.

Saba wakaisha. Nikatafuta viatu vyangu.
Yeye hakunyamaza.
“Na Mchopa, Mchopa miguu ya korongo,
kapanda bila tikiti, kashuka bila salamu.”

Mwanawe.
Miaka kumi na sita, kitambulisho hana.
Nilimwona akiruka kamba alfajiri ile
nikafunua ukurasa mwingine.

Fidia ililipwa kwa saba.

Siku hizi vijana wapya wakipakia
huimba mpaka wa nane, hata hawamjui.
Mimi nasimama palepale, kalamu mkononi,
na kila wanapomfikia
hesabu yangu inapungua mfuko mmoja.