Swali la Saba

Kule Kadutu, mteremkoni, nilimuuliza Mama Nsimire:
"Mkuu wa kaya ni nani?"
Akacheka, akaendelea kukinga matone ya bati
kwa sufuria mbili
na beseni lililozibwa kwa sabuni.
"Andika mvua.
Ndiyo inayoamua tulale saa ngapi,
nani aende shule, nani abaki ashike ukuta."

Dodoso lina visanduku viwili: mume, mke.
Nikaandika pembezoni, kwa penseli.

Leo chuoni umeme umekatika.
Cirhuza anauliza neno lile la penseli
tuliweke safu gani ya jedwali.
Nashika chaki.
Mvua imeanza juu ya paa.
Wasichana watatu wa nyuma
wanakusanya madaftari, hawaombi ruhusa,

nami siwaandiki utoro.