Ndewe wala Sikio

Kazi yangu ni kuweka nukta.
Moja kila pembe ya jicho, moja kwenye ncha ya pua,
mbili mdomo unapoanzia na unapokomea,
thelathini na mbili kwa jumla,
kisha chai.

Tartu, Februari. Theluji imepanda hadi madirishani.
Uku, miaka minne, aliingia akisalimia kila kitu:
kiti, rafu ya viatu vilivyolowa, mimi.
Akaniuliza kama mgongo wangu umepona.
Sikuwa nimemwambia mtu habari za mgongo.

Kamera sita zikamzunguka.
Macho hayana pazia, walisema wahenga;
hizi hazina hata kope.
Mwanga ulipopiga aliziba masikio, si macho,
maana kwake kila mlio una miiba,
kisha akacheka, akaomba turudie.

Uso wake ukaelea kwenye skrini
bila nywele, bila shingo,
kinyago cha udongo ambacho hakijaenda tanuruni.
Nikaugeuza kwa kidole. Nikaanza nukta.

Nyuma yangu Triinu, mama yake, hakuwa amevua koti.
"Pua hiyo ni ya baba yangu.
Heino. Aliendesha trekta la theluji miaka thelathini
na pua hiyohiyo, imebinuka hivyohivyo,
tukimtania kwamba mvua itaingia."

Daktari Kask akamweleza polepole,
kama mtu anayeshusha glasi kabatini:
kwenye kromosomu ya saba kipande hakipo,
na pua hii, na midomo iliyojaa,
na nyota nyeupe ndani ya mboni,
vyote vimechorwa na pengo hilo.
Wapo watoto arobaini kwenye faili zetu wenye pua hii.
Hakuna aliyemjua Heino.

Triinu hakuambilika, ndewe wala sikio.
Akatoa picha kwenye pochi: mzee, kofia, theluji.
Picha bapa, mashine yangu haiisomi.
Mimi niliisoma. Ilikuwa pua tu,
pua ya mtu aliyesikia baridi.
Nikamrudishia kwa mikono miwili.

Nikabonyeza kitufe cha kulinganisha.
Wastani ukaja:
watoto mia tatu wasio na pengo, wamekorogwa wakawa mmoja,
laini, hana kovu, hana kwao.
"Huyu nani?" akauliza Uku.
Hakuna, nikamjibu.
Akampungia mkono. "Hujambo, Hakuna."

Rangi zikamwagika usoni pake,
nyekundu palipozidi, bluu palipopungua.
Pua ikazama yote katika bluu.
Triinu akatazama dirisha ambalo halikuonyesha kitu.

Hapo nikafanya jambo lisilo kwenye utaratibu.
Nikamketisha kwenye kiti cha mtoto,
magoti karibu yamguse kidevu,
nikampiga picha, nikampa nukta zake,
nikaupunguza uso wake hadi ukatoshea
nikaulaza juu ya uso wa mwanawe.

Karibu kote rangi ziligombana.
Ila kushoto, chini kabisa,
pembezoni ambako utafiti wetu haupimi,
kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi
kikabaki kijani.
Kijani kwetu ni sifuri.
Ndewe ya sikio.

Triinu akajishika sikio, akalivuta kidogo.
"Hiyo ni ya mama," akasema,
kama aliyetafuta ufunguo akaokota kifungo.
"Hatukuwa tukielewana."

Alikaa pale kitini muda mrefu, koti mwilini.
Uku alikuwa bado anaongea na Hakuna.