Nyumba ya Chaki

Tulianza kuishi ndani yake mwezi wa pili,
kabla haijafika:
Wasyl kapiga magoti kwenye sakafu ya gereji
na chaki ya bluu ya mjukuu,
mimi nimeshika ncha ya kamba.
Futi ishirini na moja kwa nane, kasoro inchi nne.
Nje, baridi ya Saskatchewan ilikuwa ikipasua miti
kama mtu achanjaye kuni bila shoka.

Akachora mlango. Akachora meko.
Akachora kitanda, akasita, akafuta, akakichora tena
kikiwa kimebanwa pande tatu
kama karatasi ya kampuni ilivyosema.
"Nani atalala ukutani?" nikauliza.
Akaitazama chaki yake.
Miaka thelathini na minane ya ndoa,
na kila usiku huamka mara mbili kwenda haja.
Ukuta nikapewa mimi.

Jumapili tulikula humo, viti viwili vya turubai,
supu ya bitiruti ikifuka mvuke kati yetu.
Nilipoinuka kufuata chumvi
nikakatiza katikati ya kabati.
"Umevunja sahani zote," akasema.
Nikarudi nikatoka kwa mlango, kama watu.

Machi ikaja na vifurushi.
Tufe la chuma la kukokotea, limepakwa grisi,
likakaa mezani siku nne kama mgeni wa heshima.
Vioo vya pembeni, virefu kama masikio ya sungura.
Bomba la maji safi, jeupe,
na bomba la yale maji mengine,
ambalo hatukulijadili wakati wa chakula.
Nikavipima vikombe kwenye rafu ya chaki.
Sita havikuenea.
Vinne vilienea kwa kusukumana.
Viwili vilikaa vizuri, na nafasi ikabaki.
Nikasimama pale kitambo, nimeshika vile vinne.

Kurudi kinyumenyume, hiyo ilikuwa kesi nyingine.
Wasyl aliazima tela la nafaka kwa Bohdan,
akasimamisha ndoo mbili uani,
akaziua zote mbili.
Ukikata usukani kushoto, mkia unaenda kulia,
na mwanamume wa miaka sitini na sita
hapendi kubishiwa na tela.
Siku ya tatu akashuka, injini inanguruma bado,
akaja jikoni,
akaweka funguo kando ya unga niliokuwa nikiukanda.
Hakusema neno.
Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita,
barabara za changarawe,
watoto arobaini wakirushiana kofia mgongoni kwangu.
Nikafuta mikono.
Zile ndoo zimesimama mpaka leo.

Mwezi wa tano tukaenda Yorkton kuichukua.
Fundi alikuwa binti, Odette, spana mfukoni,
akatuonyesha gesi, fyuzi, jeki, betri,
na minyororo: "Ipishane chini, hivi,
kama mikono ya mtu anayetaka kudaka mtoto."
Wasyl akaandika hilo pia.
Kisha akapanda, akafumba macho,
akahesabu hatua alizozijua:
meza, meko, moja, mbili, kitanda,
akajigonga paji la uso, ngo!
Tulikuwa tumechora sakafu tu.
Chaki haikuwa na dari.
Alicheka hadi Odette akaingia kutazama
kama tumeshavunja kitu.

Kilomita themanini baadaye, kama tulivyoagizwa,
nikaegesha kando ya shamba la haradali lisilolimwa bado.
Upepo ulitukuta wazi, sisi na ile nyumba.
Akapiga magoti tena, safari hii kwenye kokoto,
nati baada ya nati,
nami nikimsomea namba kwenye karatasi inayopigapiga.
"Imekaza?"
"Imekaza."
"Na ile?"
"Ngoja."

Nikarudi kwenye usukani.
Kiooni, nyumba nyeupe imetuandama,
na dirishani pazia nililolishona mwezi wa tatu
kwa vipimo vya chaki:
fupi kwa inchi moja,
na kwa chini yake
jua linaingia bila kubisha hodi.