Mvua ya Ghorofa ya Nne

Kioo nilikatiwa na Mbaluka, Kariobangi,
vipande vitano, milimita sita,
na cha sita cha bure kwa kuwa kilikuwa na mkwaruzo.
"Samaki?" akauliza. Nikasema, "La. Msitu."
Akaniangalia kama niliyeagiza sanduku la kuwekea upepo.

Siku mbili gundi ikikauka mezani
tukawa twala sakafuni, mimi na Mbithe,
mtoto wa dada yangu, ana miaka minane
na maswali kuliko meno.

Chini kabisa kokoto,
nilizookota pale wanapojenga ghorofa litakalotuziba jua.
Angalau nao wametulipa kitu.
Juu yake makaa, niliyoyatwanga kwa kinu cha tangawizi
(chai ya wiki ile ilikuwa na rangi yake),
kisha kipande cha neti ya mbu
ili udongo usishuke kunywa na mawe.

Udongo, nyuma ya kanisa, kwa ruhusa.
Kuvumwani niliikwangua kwa kijiko
ukutani, chini ya tangi linalovuja,
mahali pekee katika ploti hii ambapo maji hayakatiki.
Kangaga moja changa, shilingi themanini,
kwa mama wa miche kando ya Barabara ya Jogoo,
aliyeapa kwamba haifi, kisha akacheka.

Nikaanza kupanda kwa kibanio cha nyusi.
Jiwe la kusugulia visigino likawa mlima.
Mzizi wa mjakaranda likawa gogo lililoanguka zamani.
Njia ya mchanga nikaipinda mara mbili,
nikaikatiza nyuma ya mlima
ili jicho lidhani inaendelea.

Mbithe, pua kwenye kioo:
"Geti iko wapi?"
Hakuna geti.
"Na askari?"
Bustani zote anazozijua yeye
zina mtu wa kumwambia asikanyage.
Alikuwa naye mmoja mfukoni, wa plastiki, wa kijani,
bunduki tayari. Nikakataa.
Msitu huu, nikamwambia, haulindwi.
Akanyamaza. Ningejua, ningeuogopa ukimya ule.

Siku ya nne mfuniko ukatoa jasho.
Matone yakapanga foleni, yakanenepa,
moja likaachia, likatua juu ya mlima.
Mvua! Kwa kikombe kimoja nilichotia Jumapili,
inapanda, inashuka, haidai bili.
Huku mfereji wetu ukikohoa hewa tangu Jumanne,
mitungi ya njano imejaa ngazini,
na Kerubo wa chini anapaza sauti
kwamba lori la maji limeingia, teremkeni!

Niliporudi, mitungi miwili, mgongo ukilia,
mfuniko ulikuwa umesogea kidogo.
"Huyu si askari," Mbithe akasema kabla sijauliza.

Amesimama njia inapopinda,
kuvumwani ikimfika magotini.
Bunduki imekatwa kwa mkasi wangu wa kushonea,
kipande chake nimekikanyaga chini ya meza.
Mikono imebaki mbele, imekunjika, mitupu,
kama ya mtu aliyeshika mpira wa kumwagilia
akingoja mwenzake, huko nyuma ya mlima,
afungue bomba.